Chawa Ambao Sikuwa Nao

Juzi, huko Birere, muuzaji mmoja alimwaga petroli ya taa, na harufu yake ikanirudisha chumbani kwetu Murara, siku mama aliponipaka petroli kichwani.

"Leo hauendi ku masomo. Uko na chawa."

"Mama, mbona sijikuni?"

"Nyamaza, mutoto."

Baadaye lori la waasi likapita nje, limejaa wavulana wa darasa letu wakiimbishwa. Niliwaonea wivu: wao wanapanda lori, mimi nanuka. Nikakimbilia dirishani niwapungie mkono, lakini mama akanivuta, akanibana kichwa katikati ya magoti yake. Leo najua alichokuwa amekisikia sokoni: waasi wangepita shuleni kuchukua wavulana. Siku ile nilisikia tu matone ya moto yakinidondokea shingoni kutoka juu, nikajiuliza petroli imepata moto wapi.