Chuma cha Kupimia Ziwa

Juzi bandarini nilikuta mafundi wa mtaa wa Ndosho wakikata meli kuukuu ya wanamaji. Kazi yake ilikuwa kupima kina cha ziwa ili ramani ichorwe. Vita ilipokuja, meli ikaacha vipimo na kuvusha wakimbizi mpaka kisiwa cha Idjwi. Halafu ikatelekezwa, wamama wakaanika nguo juu yake.

Muzee mmoja aliyeitumikia, ambaye vita ya sasa imemtoa kijijini na kumfikisha kambini Mugunga, alikuja kuomba kile chuma kizito cha kamba walichokuwa wakishusha majini.

"Papa, hii chuma utaifanyia nini?" fundi akamuuliza.

"Munipatie kwanza sabuni kidogo."

Akaibandika sabuni chini ya chuma, kama walivyofanya kazini ili inase udongo wa chini, akakishusha majini polepole, macho ameyafumba. Alipokivuta, sabuni ilikuwa imejaa vijiwe vyeusi.

"Wakati yetu, hapa ilikuwa muchanga," akasema, akinyoosha kidole kuelekea mjini. "Nyumba yangu ilikuwa pale juu. Volkano ilipita nayo, ikaiingiza mu ziwa."

Fundi akazima mashine. "Basi beba chuma yako, papa."

Muzee akatikisa kichwa. Akabandua kijiwe kimoja, akakifuta sabuni kwa shati, akakitia mfukoni. Chuma akakiacha palepale.

Nasikia ramani ile bado imeandikwa mchanga pale bandarini. Wakubwa wakipata nafasi, wairekebishe: waandike kartié, mtaa ulioingia majini, na kwamba mwenyeji wake mmoja yuko Mugunga.