Uzi wa BanaMwaba

Asubuhi ile BashiMwaba, yaani baba Mwaba, alifungua duka akawasha mashine ya mauzo kwa namba ya mke wake. Mke alizikwa mvua zilizopita. Namba yake ilikuwa bado inafanya kazi. Yeye mwenyewe hakuwahi kupewa namba, wala hakuiomba. Katika duka la vitenge la akina Sichone, pale Luanshya, mji wa mgodi wa shaba, kazi yake ilikuwa mkasi. Mke aliuza, yeye alikata. Ndivyo walivyokula ubwali, ugali wao, tangu mgodi ulipofunga geti na yeye akabaki upande wa nje. Shule hakwenda. Lakini kitenge akikikata, kimenyooka.

Jambo moja lilikuwa la mke peke yake. Mtu akinunua kitenge, BanaMwaba, mama Mwaba, alimwekea juu yake uzi wa cherehani, bure. Ndiyo mbasela, ile nyongeza ya mkono wa muuzaji. Na hakuchota uzi wowote tu. Aliulaza juu ya kitambaa, akarudi nyuma kidogo, akaangalia, akautoa, akaweka mwingine, mpaka rangi zikubaliane. Tena hakumpa kila mtu. Mkorofi aliondoka na kitenge kitupu, na mtaa mzima ukajua. Mzee Sichone, mwenye duka, alikuwa akiona na kucheka. Mzee naye akafa. Duka likaangukia kwa mwanawe, Wedson, aliyekulia Lusaka.

BashiMwaba aliendelea kutoa uzi. Jicho la rangi hakuwa nalo kama mke, lakini alijitahidi. Ilikuwa kama kumwacha mwenzake aendelee kusimama pale kaunta.

Sasa Wedson alitaka watu wanunue kwa simu, kisha waje kuchukua mzigo dukani. Kwa hiyo duka la kwenye simu na mashine ya kaunta ilibidi vizungumze. Kitenge kikitoka dukani, simu ijue. Kikinunuliwa kwa simu, mashine ipunguze. Akamleta mama mmoja kutoka Kitwe, Bi Jere, ajaribu kama vinaelewana.

Bi Jere ni Mngoni, BashiMwaba ni Mbemba, na makabila hayo ni watani: Wangoni huitwa wala panya, Wabemba wala nyani. Hakuwa hata ameweka mkoba chini.

"Tata, baba yangu, nimefika. Ficheni nyani wenu, nisije nikawakuta jikoni."

"Na panya wako umewaachia nani?" BashiMwaba akamuuliza.

Wakaelewana papo hapo.

Vitenge havikuleta shida. Alichokiagiza Bi Jere kwa simu kilipungua kaunta, na kilichokatwa kaunta kilipungua kwenye simu. Nyuzi ndizo zilizogoma. Aliagiza uzi mweusi, simu ikasema upo, BashiMwaba akafungua sanduku, haupo. Akaagiza mweupe, mambo yale yale. Mashine iliamini masanduku yamejaa. BashiMwaba alidhani ugomvi ni wa simu. Mbasela haikuwahi kupigwa kwenye mashine. Ungeipigaje? Mbasela siyo mauzo.

Wedson akachoka kusubiri. Alimwambia Bi Jere asawazishe hesabu ya nyuzi ili majaribio yaendelee. Mashine haikubali kupunguza kitu bila sababu, na sababu zake zilikuwa tatu: kuharibika, kurudishwa, wizi. Wedson akamwambia aweke ya mwisho. Mashine, kwa kazi yake, ikaandika kando jina la mwenye namba.

BashiMwaba alikuwa akipita na marobota begani. Kusoma hajui. Lakini lile jina alilijua. Alisimama makaburini mchora vibao alipokuwa akilipaka, herufi moja moja, mpaka likaisha. Akatua marobota.

"Jina la mke wangu linafanya nini hapo?"

Wedson alisema ni mambo ya kompyuta tu, asijali.

"Na hilo neno la pembeni yake?"

Bi Jere ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini. "Limeandikwa wizi, tata."

Siku hiyo wanawake wa kwaya walikuwa wamejipanga mstari mpaka mlangoni, wamekuja kuchukua vitenge vya sare. Maongezi yao yakakatika.

Wedson angeweza kuliacha hapo. Hakuliacha. Alieleza kwamba hakuna aliyemtaja mtu, lakini nyuzi zilianza kupungua marehemu akiwa hai, na hazikutembea zenyewe. Mama mmoja wa kwaya akasema hata yeye alipewa, ni mbasela, nani asiyejua? Wedson akasema mbasela ni ya nyanya na maharage sokoni, siyo ya kitu chenye bei yake.

"Anayegawa mali ya mwenzake bila kumuuliza," akasema, "nyinyi mnamwitaje?"

BashiMwaba alimgeukia. Miaka yote ile. Miguu ilivyokuwa ikimvimba mwanamke yule, na bado anasimama. Na huyu, ambaye BanaMwaba alimfuta makamasi akija likizo kwa baba yake.

"Baba yako alikuwa akiona," akasema. "Alikuwa akicheka. Wewe umemwita mke wangu mwizi mbele za watu, na hayupo wa kukujibu."

Akatia mkasi wake mfukoni, akatoka, akaketi kwenye kizingiti cha nje.

Ndani Wedson alitafuta mkasi mwingine akaanza kukata mwenyewe. BashiMwaba aliusikia ukitafuna kitambaa. Kisha akasikia sauti ya mama wa kwaya, taratibu kabisa, akiuliza kama hiki kilichopinda ni cha sketi au ni cha bendera. Mstari ukacheka. Mkasi ukanyamaza.

Baada ya muda Bi Jere akatoka, akachuchumaa karibu yake. Alisema amelifuta lile neno. Ameongeza sababu ya nne, na kila uzi uliopungua ameupeleka huko. Njoo uone, akasema.

Akaingia kuona. Bi Jere akaweka kidole pembeni ya jina la mke. "Mbasela. Inaanza kama jina la mwanao, Mwaba. Ile ile."

BashiMwaba aliitazama ile herufi kwa muda. Ilikuwa ile ile.

"Mashine umeifuta," akasema. Kisha akaelekeza kidevu kwa Wedson. "Na mdomo wa huyu?"

Wedson akasema yaishe, mzee, watu wanasubiri, tujaribu kitufe kipya cha mbasela tuone kama simu inakipokea. Kwa simu yake akaagiza kitenge chekundu, akazunguka kaunta, akasimama upande wa wateja. BashiMwaba akatoa mkasi. Akakata. Akakunja, akakisukuma mbele yake. Kidole cha Bi Jere kilikuwa tayari juu ya kitufe.

Uzi haukuja.

"Na mbasela?" Wedson akauliza.

"Hamna."

"Ni jaribio tu, tata."

"Ndiyo. Nimejaribu. Mkono umekataa."

Kwaya ikacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Wedson alimtazama Bi Jere, na Bi Jere akatazama dari. Mashine ingeweza kuhesabu uzi, lakini haikuwa na namna ya kumlazimisha mtu autoe. Wedson akajipangusa shingo. Mwishowe akageuka, akawatazama wale wanawake.

"BanaMwaba hakuiba," akasema. "Nilimsema vibaya."

"Walioko mlangoni hawakusikia," akasema BashiMwaba.

Akarudia kwa sauti.

BashiMwaba akafungua masanduku. Hakuharakisha. Akatoa uzi, akaulaza juu ya kitenge chekundu, akarudi nyuma kidogo, akaangalia, kama alivyokuwa akifanya mke. Akautoa. Akaweka mwingine. Mwisho akachagua wa kijani kibichi, akauacha hapo.

"Bonyeza, mla panya."

Bi Jere akabonyeza. Simu ikalia. Mashine na simu vikakubaliana juu ya uzi kwa mara ya kwanza.

Wedson alikuwa akiutazama ule uzi wa kijani juu ya kitambaa chekundu. "Haufanani," akasema.

"Kwenye mashine uzi ni uzi," BashiMwaba akamjibu, akamwita mama wa kwanza wa kwaya, akainama tena kwenye masanduku kumtafutia wa bluu. Siyo bluu ile. Ile nyingine, iliyokolea.