Kilo za Ma Tetee

Kabla ya ebola, hakuna mtu aliyesemwa vibaya kwenye uwanja wa ndege wa Monrovia kama Garmai Tokpa. Kazi yake ilikuwa mizani. Unaweka begi, Garmai anasoma, na kama umezidisha hata nusu kilo utalifungua begi hilo hapo hapo, mbele za watu, utoe samaki wako mkavu na nguo zako za ndani. Kwa miaka kumi na moja hakumsamehe mtu. Mchungaji mmoja alimwomba kwa jina la Yesu, Garmai akamjibu kwamba Yesu mwenyewe alisafiri na kanzu moja. Mjomba wake, ndugu wa mama yake tumbo moja, alivuliwa jozi mbili za viatu akaenda Accra na ndala, na hadi leo hasemi naye.

Lakini watu nao si wajinga. Walijua mizani inapima begi, haimpimi mtu. Basi wakaanza kuvaa mizigo yao: suruali tatu, mashati manne, na koti la kwenda kwenye baridi juu yake, kwenye jua lile lile la kwetu. Garmai aliwaona na akawaacha, maana sheria yake ilihusu begi. Jicho lake tu ndilo lililozoea. Mnene wa kuzaliwa hubembea anapotembea, lakini aliyevaa kilo sita mikono yake haishuki, inabaki imetanuka kama kuku anayeota jua.

Ugonjwa ulipokolea, mwaka 2014, mashirika ya ndege yalianza kuondoka moja moja. Leo hili limesimamisha safari, kesho lile. Mpaka mwezi Septemba yalikuwa yamebaki mawili tu, na la Garmai lilikuwa mojawapo. Watu huko nje walilisema sana, eti linabeba kifo. Garmai alijua linabeba nini. Dada yake Lorpu, muuguzi wa zahanati moja huko ndani ya nchi, alimzalisha mwanamke mgonjwa akiwa amevaa mifuko ya nailoni mikononi, kwa kuwa glavu zilikwisha. Lorpu akaambukizwa, akafa mwezi Agosti. Nguo zake zote zilichomwa, godoro likachomwa, na Garmai hakubakiwa hata na kilemba cha kunusa. Alilia hadi sauti ikakatika. Halafu akarudi kazini, kwa sababu kwenye tumbo la ile ndege, kila inapotua, kuna makasha ya glavu, na alitaka ziendelee kuja.

Mkuu wa kituo, Bwana Varney, ndiye aliyemtoa kwenye mizani akampa kipimajoto, kile cha kuelekeza kwenye paji la uso kama bastola.

"Nataka mtu asiyejua huruma," alimwambia.

"Umempata, bosi," Garmai alijibu.

Sheria ilikuwa fupi. Nyuzi thelathini na nane na kuendelea, unakaa pembeni nusu saa, unapimwa tena. Ukizidi tena, gari jeupe linakuchukua hadi hema la kusubiri majibu, ukalale pamoja na wengine wanaosubiri, wenye ugonjwa na wasio nao. Kila mtu alijua kwamba wapo walioingia wazima kwenye hema lile wakatoka wagonjwa. Lakini pia kila mtu kituoni alijua kuwa mgonjwa mmoja tu akianguka ndani ya ndege, safari zitakwisha, na glavu nazo zitakwisha.

Siku ile ya Oktoba foleni ilianzia nje, juani, kwenye ndoo za klorini. Akaja bibi mmoja kutoka Buchanan, Ma Tetee Gaye, amefunga vifungo vyote vya koti zito la sufu mpaka kidevuni. Alikuwa anakwenda Minnesota kwa bintiye Oretha, ambaye alikuwa na mimba ya kwanza baada ya miaka tisa ya kuitafuta na ambaye daktari alimlaza kitandani. Hakuna mwingine wa kumwangalia. Haya yote Ma Tetee aliyasema kabla hajaulizwa.

Garmai akaelekeza kipimajoto. Nyuzi thelathini na nane na pointi tatu.

Foleni yote ikarudi nyuma hatua mbili.

"Bi Mkubwa, kaa kwenye kile kiti pembeni."

"Nikae nifanye nini? Mimi mzima kama chuma."

"Chuma nacho kinapata moto. Kaa."

Bwana Varney alikuja mbio, akasimama mbali. "Niite gari?"

"Bado, bosi. Nusu saa haijaisha."

"Haijaanza hata. Garmai, sitaki maneno na rubani."

"Na mimi sitaki. Niache nifanye kazi."

Ma Tetee alikuwa ameketi wima, jasho linamtiririka shingoni, mikono imetanuka. Garmai alimtazama mara moja, akamtazama mara ya pili, na moyoni akacheka. Akasogea hadi pale sheria ilipomruhusu, hatua mbili.

"Bi Mkubwa, umevaa kilo ngapi?"

"Kilo gani? Mimi mnene, ndivyo nilivyozaliwa."

"Unene wa kuzaliwa una mikono inayoshuka. Shusha mikono nikuone."

Bibi akajaribu. Mikono ikagoma njiani.

"Nani alikwambia uvae mzigo?"

"Mpwa wangu. Ameniambia kuna shetani la kike kwenye mizani hapa, halisamehe hata gramu. Linaitwa Garmai. Mungu na alilaani."

Watu wa kwenye foleni wakatazama sakafu. Miaka kumi na moja ya ukali wa Garmai ilikuwa imekaa pale kwenye kiti, imevaa sufu, inachemka.

"Ndiyo mimi," alisema.

"Uongo."

"Garmai Tokpa. Soma kibandiko. Sasa nisikilize vizuri. Huna homa, una nguo. Zikibaki mwilini, gari jeupe litakuja na mimi sitalizuia, hata ukinililia. Nenda nyuma ya lile pazia uvue."

Ma Tetee alikwenda, akirusha maneno njia nzima. Likatoka koti. Yakatoka magauni mawili na blauzi tatu. Vikatoka vitenge vitano, kimoja baada ya kingine, hata Bwana Varney akasahau kutazama saa. Bibi aliporudi kitini alikuwa amepungua nusu. Lakini mikono, Garmai aliona, ilikuwa bado haijashuka sawasawa.

"Kimebaki kimoja."

"Hakuna."

"Kiko tumboni. Kizito. Bi Mkubwa, zimebaki dakika kumi na mbili."

Hapo sura ya Ma Tetee ilibadilika. Ubishi ulimtoka wote, akabaki mwanamke mzee mwenye hofu. "Hiki siwapi," alisema kwa sauti ndogo. "Vile chukueni. Hiki mtakichoma. Najua mnachoma. Kwa jirani yangu mlichoma mpaka mkeka."

"Ni nini?"

"Kitambaa cha kwetu, cha kufumwa kwa mkono. Oretha nimembeba mgongoni kwa hiki. Na mimi nilibebwa kwa hiki. Mtoto atazaliwa kule kwenye barafu, abebwe kwa nini, taulo?"

Garmai alitamani kwenda kumshika mkono, na haikuruhusiwa. Alisimama pale na macho yakimwuma. Lorpu alikuwa na kilemba cha kijani, alikivaa kila Jumapili. Kingekuwepo leo, asingekiachia kwa serikali wala kwa jeshi. Hakuweza kumwambia bibi kwamba hakuna kinachochomwa. Vilichomwa, na yeye alijua kuliko wote.

Akafikiri kwa namna aliyoizoea.

"Umesikia habari zangu kwenye mizani," alisema.

"Nchi nzima imesikia."

"Ulishasikia kwamba mzigo niliouandikia lebo kwa mkono wangu umepotea?"

Bibi akafikiri, mdomo umebinuka. "Hapana. Hilo sijasikia."

"Basi. Kivue, kiweke juu ya mizani yangu. Nikishaandika kilo na lebo ikafungwa, kile ni mzigo wa ndege. Kina namba. Hakuna mwenye klorini wala kiberiti atakayekigusa, la sivyo aanze na mimi."

"Na vingine? Vitazidi kilo."

"Vitazidi sana."

"Na wewe shetani husamehe."

"Nusu ya viti vya ndege ni vitupu, Bi Mkubwa. Leo tunahitaji uzito isije ikapeperuka."

Foleni ikacheka, na hata Ma Tetee akaguna kicheko kidogo asichokitaka. Alirudi nyuma ya pazia. Akatoka amekikumbatia kitambaa, rangi ya nili na nyeupe iliyochakaa kwa kufuliwa. Akakiweka kwenye mizani mwenyewe, na mikono yake ikashuka hadi mapajani. Garmai alisoma: kilo mbili na robo. Aliandika lebo kwa kalamu nene, akamwambia bibi aifunge kwa mkono wake, akampa kipande cha risiti. Halafu Ma Tetee akaketi mbele ya feni, macho amefumba, midomo ikitembea kwa sala.

Nusu saa ilipotimia Garmai aliinua kipimajoto.

Thelathini na saba kamili.

"Panda ndege, Ma."

"Usiniguse," alisema bibi akipita, machozi yakimlenga, "lakini ningekukumbatia, shetani wewe."

Kesho yake Garmai aliomba ruhusa kwa Bwana Varney, akaipata baada ya kelele kidogo, akabandika kadibodi nje penye ndoo: USIVAE MZIGO WAKO. NDEGE INA NAFASI. Safari iliyofuata foleni ilionekana nyembamba ajabu, na gari jeupe halikuwashwa.

Ndege ikaendelea kuja. Makasha yakaendelea kushuka.

Wiki ya pili ya Desemba Bwana Varney alifika kaunta na simu yake mkononi. Ilikuwa picha kutoka Minnesota, imetumwa na Oretha kwa namba ya kituo iliyo kwenye risiti. Dirishani theluji, mbele yake Ma Tetee, na mgongoni kichanga amefungwa kwa kitambaa cha nili, kichwa tu ndicho kinachoonekana. Pembeni ya kitambaa, karibu na shavu la mtoto, lebo ya ndege ilikuwa bado inaning'inia, na juu yake mwandiko wa Garmai: kilo mbili na robo.

Chini yake Oretha alikuwa ameandika: "Mama anakataa kuikata. Anasema mwenye mizani aliahidi kwamba chenye lebo yake hakipotei, na mtoto naye yumo ndani ya namba hiyo."