Akiba Ajaribu Gari la Umeme

Hospitalini walimwita Akiba, na hakuwa na haki ya kulalamika. Alikuwa muuguzi wa nusukaputi, yule anayemlaza mgonjwa kabla ya kisu na kumwamsha baadaye, na hakuna aliyewahi kumwona akianza kazi kabla mtungi wa pili wa oksijeni haujasimama ukutani, umejaa. Daktari wa upasuaji akikunja uso, yeye humjibu, "Akiba haiozi," kisha anaendelea kuukagua mtungi wa kwanza.

Mtu wa namna hiyo usimpe gari la umeme. Lakini angefanyaje? Gari lake la zamani lilikuwa limechoka, linakunywa petroli bila kushiba, na kutoka nyumbani hadi hospitali ni kilomita tisini, mlima katikati. Mkewe alikuwa ameshasema lake: wahamie mjini, kwenye nyumba za wafanyakazi, mambo yaishe. Lilikuwa neno la busara, nalo lilimkosesha Akiba usingizi kwa sababu ya baba yake. Mzee alikuwa kipofu mwaka wa sita sasa. Nyumba ile aliijenga mwenyewe, akaijua kwa vidole na nyayo: alikwenda bafuni peke yake, alichemsha chai yake, hakumwita mtu. Ukimpeleka ghorofani, vyumba viwili, utamkalisha kitini asubuhi na kumkuta pale pale jioni. Gari likifaa, mzee anabaki bwana wa nyumba yake. Lisipofaa, wanafunga mizigo.

Muuzaji akamwazima gari kwa siku tatu, apate kulijaribu.

Siku ya kwanza alianza kwa kulipakua. Akatoa jeki, akatoa mazulia, akatoa hata mwavuli, eti uzito unakula chaji. Akazima kiyoyozi, akazima redio, akafunga vioo, akaupanda mlima kwa mwendo wa maharusi huku malori yakimpigia honi. Na kila baada ya muda mfupi akawa anasoma chaji kwa sauti, kama anavyosoma mapigo ya moyo chumba cha upasuaji, ingawa humu hakuwamo wa kumsikiliza. "Themanini na moja. Sabini na tisa. Inashuka." Alifika kazini amelowa jasho, akashuka kwenye mvua bila mwavuli, akalowa upya.

Jioni alirudi na chaji ya kutosha kabisa. Mvua ilikuwa imemfungia mzee ndani. Mkewe ndiye aliyempokea, akalitazama shati lile lililolowa.

"Baba watoto, hilo gari umeliendesha au umelibeba?"

"Limefika," alisema Akiba. "Lakini siku ya foleni je? Na betri ikizeeka?"

"Na jua lisipochomoza?" akauliza mkewe, akaenda zake jikoni.

Siku ya pili aliendesha kama binadamu, kiyoyozi na redio vimewashwa, na bado chaji ikabaki. Akakosa cha kulalamikia, jambo lililomtia wasiwasi zaidi. Akaiacha barabara kuu, akakata kona ya mwisho, akaingia getini kwao. Geti lilikuwa wazi. Na katikati ya njia alisimama baba yake, amempa mgongo, ametulia tuli.

Akiba akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Gari likasimama hatua moja tu nyuma ya mzee, na mzee hakugeuka.

"Baba!"

Mzee akaruka. "We! Umetokea wapi?"

"Nimefika sasa hivi."

"Na gari?"

"Hili hapa nyuma yako."

Mzee akapapasa mpaka akaigusa boneti. "La zamani nalisikia tangu linateremka mlima. Nikilisikia tu, moyo unatulia, nakuja kukufungulia. Leo sikulisikia; saa yako ilipofika nimefungua, nikangoja, nikangoja, mpaka nikageuka nirudi ndani. Nilishakuzika, mwanangu."

Miaka yote Akiba alidhani mzee anapenda tu kufungua geti. Aibu ikamshika, na juu ya aibu hofu: gari lililokuja kumbakiza baba yake nyumbani lilikuwa nusura limuue mlangoni.

"Basi tutahama," alisema.

"Ahame nani?" mzee akang'aka. "Mimi sihamishwi na gari."

"Nitakuwa napiga honi, baba."

"Honi anapiga kila mpita njia. Nataka nikusikie wewe. Rudi pale kwenye kona, uje taratibu. Macho yamekufa, masikio bado."

Akiba akamshika mkono, akamsimamisha kando, mgongo kwenye nguzo ya geti, kisha akarudi kwenye kona. Akaja. Akampita mzee, naye bado amenyoosha shingo kuelekea barabarani. Akarudi, akaja tena. Safari hii mzee aliinua mkono gari lilipokwisha kupita.

"Upepo ule," alisema. "Tena."

Mara ya tatu hakuinua mkono kabisa, na uso wake ukawa mdogo. Akiba alitamani kuacha, lakini mzee alikuwa ameshamwashiria arudi.

Mara ya nne Akiba aligeuza kwenye kona, akasimama. Hakuondoka. Aliweka mguu kwenye breki ili apate kupumua na kufikiri atamwambia nini mkewe. Gari lilikuwa limetulia pale pale, halitoi hata sauti. Na kule getini mzee akainua mkono juu kabisa, akitabasamu.

"Nakusikia!" akapaza sauti. "Nakusikia vizuri, mwanangu! Njoo!"

Akiba akautazama mkono ule ulioinuliwa, na machozi yakamtoka, mtu mzima yule. Alijua kwamba gari atalinunua. Alijua pia kwamba kila jioni baba yake atasimama pale, akimdanganya kwa mapenzi. Akateremsha kioo, akatoa kichwa nje.

"Naja, baba!" akaita. Akaachia breki, na njia nzima hakunyamaza. "Naja! Naja!"