Nikila Nyuma ya Usukani

Asubuhi ile nilitoka kwetu Ng'ambo sijui nnakwenda wapi. Skuli nshaiacha. Likapita lori la jeshi limejaa magunia, nikalifuata kwa hamu tu ya kujua yanakwenda kwa nani. Likaingia bohari, ghala kuu la jeshi. Getini alisimama Sajenti.

"Umekuja kuandikishwa?"

"Naam, Afande," nikajibu, na wala sikuwa na habari hiyo.

Ndivyo nilivyoingia ugavi, tawi linalompelekea askari chakula, mafuta, sare na risasi. Nilifundishwa kupakia: kitakachoshushwa mwisho hutangulia ndani. Kisha nikapewa lori.

Tulikuwa na mwiko, enyi vijana mnaonisikiliza. Dereva wa ugavi hali kambini alikopeleka chakula, asije akasemwa anajirudishia alichokileta. Alipewa rasheni kavu, biskuti ngumu na nyama ya kopo. Nikishashusha mchele, harufu ya pilau hunifuata hadi garini, nami nikila peke yangu nyuma ya usukani. Siku moja ya Idi, Meja, mkuu wetu wa ugavi, alinikuta hivyo.

"Hujambo humo?"

"Sijambo, Afande."

"Hata mimi nilianzia humo," akasema. Akanifungia mlango taratibu, akenda kula na wenziwe.

Nilihamishwa kambi baada ya kambi. Wapishi walilijua lori langu kwa mngurumo. Jina langu hawakuliuliza. Sikutulia pahala, wala sikuoa. Nilipostaafu nilipanga chumba Kikwajuni, nikawa napika chungu cha mtu mmoja, nikaanza kuogopa kwamba kukaa na watu kumeshanishinda.

Mwezi uliopita nilikihama chumba kile, nikenda Kiwengwa, simjui mtu. Makame, fundi baiskeli, alikuwa na chumba cha uani. Tukakubaliana. Jioni akaniita. Sinia la wali na pweza lilikuwa mkekani, yeye na wanawe wamelizunguka. Nikaomba nipakuliwe sahanini, nikale chumbani.

"Una maradhi?" Makame akauliza.

"Sina."

"Una kisirani?"

Wanawe wakacheka.

"Basi kaa, mzee. Hapa anayepelekewa chakula chumbani ni aliyejifungua."

Nikakaa. Mkono wangu ulichelewa kufika siniani. Makame akanisogezea mnofu wa pweza bila ya kunitazama, akaendelea kuwasimulia wanawe habari za mnyororo uliomkatikia mteja njiani.