Jiwe la Kaburi la Baba Lina Jina la Mtu Aliye Hai

Admin, nifichie jina na shule ninayofundisha, maana huku Makere tunajuana. Hata majina ya wazee humu nimeyabadilisha.

Mimi ni mwanamke wa miaka 37, mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto watatu. Baba yangu alikuwa askari. Alipigana vita vya Kagera, akarudi na kovu la risasi begani na tabia ya kukunja shuka lake kila alfajiri mpaka siku alipougua. Hapa kijijini watu wote walimwita Afande. Kwenye vyeti vyangu nimeandikwa binti wa Gervas, basi mimi nikajua baba ni Gervas. Alifariki 2012, tukamzika nyuma ya migomba na kumwekea msalaba wa mti. Masika mawili tu, mchwa wakaumaliza.

Mwaka huu mtendaji alitangaza kwenye mkutano wa kijiji kwamba familia za askari waliopigana Kagera zinaweza kuomba serikalini jiwe la kaburi, lenye jina, cheo na namba ya jeshi. Mama miguu imevimba, hatoki nje bila kushikwa. Akaniambia, "Mwana wanje, mwanangu, nifanyie hilo macho yangu yakiwa bado yanaona." Nikachukua fomu.

Cheti cha baba cha kumaliza jeshi kilikuwepo. Ilitakiwa pia saini ya ndugu wa damu, nikapanda pikipiki mpaka Kitanga kwa shangazi, dada yake baba. Nikaanza kumsomea fomu, akanikatiza.

"Gervas yupi?"

"Baba, shangazi."

"Baba yako ni Zakaria. Gervas yuko hai, nimemwona asubuhi hii anapalilia maharage yake."

Nilidhani ni uzee. Ndipo akanieleza. Ujanani baba na huyo Gervas walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Gervas alimaliza darasa la saba, baba aliishia la tatu. Jeshi lilipokuja kuchukua vijana, Gervas hakutaka kwenda, baba alilitaka kwa udi na uvumba. Gervas akampa cheti chake. Baba akaondoka na jina la mwenzake, na alipotoka jeshini akahamia Makere, mahali ambapo hakuna aliyemjua tangu utotoni.

Nilipomuuliza mama, hakushtuka hata kidogo. "Nilijua kabla hajanioa," alisema. "Ukiandika Zakaria watakwambia hakuna Zakaria aliyekwenda vitani. Andika yule aliyekwenda."

Sasa kosa langu ni hili. Fomu ilidai kiapo cha mahakamani, nikasimama mbele ya hakimu, nikashika Biblia, nikaapa kwamba marehemu baba yangu aliitwa Gervas na hakuwa na jina jingine. Mimi mwalimu, ninayewaadhibu watoto wa watu kwa kusema uongo. Shangazi aligoma kusaini, fomu ikapita kwa dole gumba la mama. Na Mzee Gervas sikumwambia kitu. Siku ile natoka Kitanga tulipita kando ya shamba lake, nikamwambia wa pikipiki asisimame.

Jiwe lilifika mwezi uliopita. Tuliliegemeza sebuleni, mama akawa anapapasa zile herufi asizojua kuzisoma, akitabasamu. Siku ya tatu Mzee Gervas akabisha hodi. Shangazi alikuwa amemwambia. Alivaa koti lake la kanisani. Akaomba alione, akainama, akasoma kwa kidole jina lake, jina la baba yake, mpaka mwaka wa kufariki.

"Kumbe mimi nimeshakufa," akasema.

Nilipiga magoti nikamwomba radhi. Akaniinua. "Zakaria simlaumu. Lakini tangu cheti kile kiondoke, sikuweza kuomba hata kazi ya ulinzi wa shule. Ningeonekana mimi ndiye mwizi wa jina. Nikavumilia. Nilimpa jina aende nalo vitani, sikumpa azikwe nalo. Nikifa, wanangu wataandika nini juu yangu?"

Mama akadakia kutoka kwenye mkeka, "Wewe ulilala kwako! Mume wangu alipigwa risasi kwa jina hilo. Damu ilikuwa yako?"

Mzee akainuka. Chai aliiacha vilevile. Mlangoni akaniambia kwa sauti ya chini, "Siendi kukushtaki popote. Wewe umesoma, utaamua. Ila nakuomba usilisimamishe nikiwa hai."

Tangu siku hiyo silali vizuri. Kaka yangu aliyeko Kibondo anasema nisimamishe, wazee wasituyumbishe. Mshauri wa mgambo wa wilaya amepiga simu kwamba Jumamosi ijayo askari wanakuja kupiga saluti kaburini, tuwe tumeshajenga msingi wa saruji. Nikisema ukweli, nimeapa uongo, kazi yangu inaweza kwenda, mama anaweza kunyang'anywa pensheni, na baba aliyepigana kweli ataitwa tapeli. Nikinyamaza, namzika mzee wa watu anayepumua, ambaye hajanikosea lolote.

Na mama anazidi kudhoofika. Kila asubuhi anauliza kama fundi amekuja. Jana nimemwambia saruji imeisha madukani. Huo nao ni uongo, mifuko miwili iko stoo, nimeifunika na magunia.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, msinionee haya wala msinitukane, nipeni neno la kunisaidia kabla ya Jumamosi. Jiwe hili nilisimamishe mama akafe na amani, au nilirudishe na kusema baba yangu alikuwa nani?