Njiti za Jana

Harufu ya njiti mbichi za michikichi sokoni hunirudisha kwenye baraza letu la Kamina, wakati wa vita. Masista walikuwa wameondoka, na karakana yao ambako mjomba na watu wazima wenzake wenye ulemavu wa akili walitengeneza mafagio ilibaki na kufuli. Mjomba aliendelea na kazi nyumbani. Kila asubuhi aliacha ufagio mmoja kwenye mlango wa karakana. Mama aliuchukua kwa siri, akaufumua, akamletea mjomba njiti.

“Masista banatuma zingine,” alimwambia.

Siku moja, nikiwa nimechoka kucheza peke yangu, nilimwambia, “Mujomba, hizi njo zile za jana.”

Hakuinua macho. “Minajua. Usiambie mama yako.”

Sijamwambia mpaka leo. Labda naye alijua.